Wafuasi ni zao la shamba la kukodi: Makumbusho na asasi zinavyosaka vijana mitandaoni

KONDOO dume mmoja, mnene kupita kiasi, aliyepigwa picha nchini Uingereza mwaka 1962, amelifanyia jumba la makumbusho kazi ambayo lisingeweza kuilipia kwa matangazo ya redio wala mabango ya barabarani.

Aprili 9, 2018, Jumba la Makumbusho ya Maisha ya Vijijini ya Uingereza, lililoko katika mji wa Reading, liliitoa picha hiyo kwenye hazina yake ya zamani na kuiweka kwenye mtandao wa Twitter. Kondoo huyo ni wa aina ya Exmoor Horn, mbegu ya kusini magharibi mwa Uingereza inayofugwa kwa ajili ya nyama na sufu. Maelezo yaliyoambatana na picha hayakutaja mbegu, uzito wala lishe. Yalikuwa maneno machache ya kijiweni, sawa na mtu wa Manzese kusema: hebu tazameni pande la dume hili.

Watu zaidi ya 100,000 walibofya alama ya kuipenda picha hiyo, na makumi ya maelfu wakaisambaza kwa wenzao. Jumba ambalo akaunti yake ilikuwa na wafuasi wasiofika 10,000 likawa gumzo katika magazeti na televisheni za nchi mbalimbali. Wengi wa waliokuwa wakicheka na kusambaza walikuwa vijana wa mijini, ambao huenda hawajawahi kugusa sufu ya kondoo aliye hai.

Mkulima wa Mbozi au mwenye duka la pembejeo Kariakoo anaweza kuuliza habari hii inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu swali lililo mbele ya jumba lile ndilo swali la kila mwenye kitu cha kuuza au jambo la kuchangisha: vijana wako kwenye simu. Kuwapata kwenye simu ni kazi moja. Kuwapata mlangoni, na baadaye mfukoni, ni kazi nyingine kabisa, na wengi huzichanganya.

Mibuni mizee

Jumba la Reading ni mali ya chuo kikuu cha mji huo. Lilianzishwa mwaka 1951, wakati matrekta yalipokuwa yakiwaondoa farasi na zana za mkono katika mashamba ya Uingereza. Wasomi waliona kwamba mikokoteni, majembe ya kukokotwa, vikapu na mavazi ya vibarua vitapotea, wakaanza kuvikusanya. Hadi leo mgeni haingii kwa kiingilio. Fedha zinatoka chuoni, kwenye ruzuku, kwa wafadhili, kwenye duka la zawadi na kwa wale wanaotumbukiza chochote kwenye sanduku la michango.

Katika mpango wa namna hiyo, "kuungwa mkono" hakumaanishi kununua tiketi. Kunamaanisha idadi ya wageni, maana mtoa ruzuku atauliza ni wangapi wamefika. Kunamaanisha watu wa kujitolea, wachangiaji wa kila mwezi, na wale wanaoandika katika wosia kwamba sehemu ya mali yao iende kwenye jumba. Ni jambo linalofahamika kwamba katika nchi za Ulaya na Marekani kazi hizo kwa kiasi kikubwa hufanywa na wastaafu. Vijana huja wakiwa wanafunzi wa shule ya msingi, wakiwa wamefungwa kwenye foleni ya mwalimu, kisha hawaonekani tena mpaka watakapokuwa na watoto wao.

Wakulima wa kahawa wa Kagera na Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa zaidi. Shamba la mibuni iliyopandwa na babu bado linatoa kahawa, lakini kila msimu kilo zinapungua, na siku ukiamua kupanda miche mipya utakaa miaka mitatu hivi bila kuvuna cha maana. Anayeahirisha kupanda anaonekana mjanja mwaka huu. Makumbusho na asasi za hiari zina mibuni mizee. Kijana wa miaka 20 hana fedha za kuchangia leo, pengine hata nauli ya kufika kwenye jumba ni tatizo, lakini ndiye mche.

Kwa mantiki hiyo, mhasibu anayeuliza picha ya kondoo imeingiza pauni ngapi mwezi huu anauliza mapema mno. Hata hivyo, meneja asiyeuliza kabisa, mwaka hadi mwaka, huku akijisifu kwa idadi ya wafuasi, naye anastahili kuhojiwa.

Gharama isiyoonekana

Wapo wanaodhani kondoo yule alikuwa bahati tu. Bahati ilikuwepo, hakuna ubishi. Lakini picha ile ilikuwa imepigwa, ikaandikwa maelezo, ikahifadhiwa mahali pakavu na kupangwa kwa namna ya kuweza kupatikana miaka 56 baadaye. Hiyo ni gharama, tena kubwa. Jumba lisilo na hazina lingebaki kusambaza vichekesho vya wengine, kama wanavyofanya maelfu ya watu bila kukumbukwa.

Gharama ya pili ni uhuru aliopewa mfanyakazi. Aliyeandika maneno yale ni Adam Koszary, aliyekuwa akisimamia shughuli za mtandao za jumba hilo. Katika ofisi nyingi, za huku kwetu zikiwemo, ujumbe kama ule ungepita kwa afisa habari, kisha kwa mkuu wa idara, kisha kwa mkurugenzi ambaye yuko safarini. Ungerudi baada ya wiki mbili ukiwa umeongezewa nembo, salamu za mgeni rasmi na kaulimbiu ya mwaka. Hakuna kijana ambaye angeusoma.

Aidha, jumba halikuishia kwa kondoo. Agosti mwaka huohuo lilitoa daftari la hesabu la mwaka 1784 la mvulana wa miaka 13, Richard Beale, mtoto wa familia ya wakulima wa Kent. Pembeni mwa hesabu zake, mvulana huyo alikuwa amechora kuku aliyevaa suruali. Mwandishi maarufu wa vitabu, J.K. Rowling, akaingia kwenye mazungumzo, na kuku akasambaa kama kondoo alivyosambaa. Waliokuja kumcheka kuku walijikuta wakisoma namna mtoto wa mkulima wa karne ya 18 alivyofundishwa hesabu. Mwaka 2020, wakati watu wamefungiwa majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa corona, jumba likawaalika wachezaji wa mchezo wa kompyuta wa Animal Crossing, ambao wengi ni vijana, kushona ndani ya mchezo huo mashati mapana yaliyokuwa yakivaliwa na vibarua wa mashambani. Mifano halisi ya kuigia ilikuwa kwenye makabati ya jumba.

Utaona kwamba katika kila tukio utani ulikuwa ni mlango tu. Nyuma ya mlango kulikuwa na bidhaa. Mfanyabiashara wa gulioni anaijua tofauti hii: mpiga ngoma hukusanya watu mbele ya meza, lakini kama mezani hakuna kitu, watu watasikiliza ngoma na kwenda kununua kwa jirani.

Huko Oklahoma City, Marekani, jumba la makumbusho ya wachunga ng'ombe na urithi wa magharibi mwa nchi hiyo lilifungwa kwa wageni Machi 2020 kwa sababu hiyohiyo ya corona. Wafanyakazi wengi walikwenda nyumbani. Aliyebaki ndani ni mkuu wa ulinzi, Tim Tiller, ndiye akakabidhiwa akaunti za mitandao. Hakuwa mtaalamu wa mawasiliano. Aliandika kama mtu mzima anayejifunza simu, akifuata maelekezo ya vijana wa ofisini na mara nyingine kuyakosea, akieleza kofia na tandiko alilokuwa akilinda, na kumalizia kila ujumbe kwa kushukuru na kutaja jina lake.

Katika wiki chache wafuasi waliruka kutoka chini ya 10,000 hadi zaidi ya laki mbili. Sehemu inayopaswa kumvutia mchumi ni hii: duka la jumba lilichapisha fulana zenye maneno ya utani uliotokana na ujumbe wa Tim, zikauzwa. Jumba lilikuwa limefungwa, kiingilio hakuna, lakini mtu aliyecheka akiwa mbali alikuwa na kitu cha kununua siku ileile aliyocheka. Wiki sita baadaye asingekumbuka.

Kicheko kinapogeuka fedha

Hapo ndipo penye ugumu, na takwimu zinazotolewa zisomwe kwa makini. Julai 2020, jumba la sanaa la Uffizi la Florence, Italia, lilitembelewa na Chiara Ferragni, mwanamke mwenye mamilioni ya wafuasi kwenye Instagram. Wapo walionuna kwamba picha za karne ya 15 zinauzwa kama viatu. Uongozi wa jumba ukajibu kwa tarakimu: mwishoni mwa wiki hiyo vijana waliofika waliongezeka kwa asilimia 27 ukilinganisha na wiki iliyotangulia.

Asilimia 27 si haba. Lakini ni wiki moja ikilinganishwa na wiki moja, tena katika majira ambayo Italia ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye marufuku ya kutembea na watu walikuwa wakirejea kila mahali. Mkulima anayepima mbolea kwa mavuno ya jaruba moja, mwaka wa mvua nzuri, hupata jibu la kufurahisha. Si lazima liwe jibu la kweli.

Kwa upande wa asasi zisizotafuta faida, mfano unaotajwa kila mara ni ule wa ndoo ya maji ya barafu wa mwaka 2014. Watu walijimwagia maji baridi, wakapiga video, wakawataja rafiki zao kufanya hivyo au kuchangia mapambano dhidi ya ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Kati ya Julai 29 na Agosti 29 mwaka huo, chama cha ALS cha Marekani kilipokea dola milioni 100.9. Katika kipindi kama hicho mwaka 2013 kilikuwa kimepata dola milioni 2.8. Waliochangia walikuwa zaidi ya watu milioni tatu, wengi wao kwa mara ya kwanza.

Msomaji ajiweke katika nafasi ya mweka hazina wa chama hicho. Amepata mvua ya miaka kadhaa kwa mwezi mmoja. Akiajiri watu na kufungua ofisi kwa kiwango hicho, mwaka ujao atafunga. Chama kilielekeza sehemu kubwa ya fedha kwenye utafiti wa ugonjwa, yaani matumizi yenye mwanzo na mwisho, badala ya kupandisha mishahara na gharama za kudumu. Huo ndio uamuzi wa kuigwa, na ni ajabu kwamba wanaosimulia kisa cha ndoo hukiachia kwenye maji ya barafu. Mamilioni ya waliojimwagia maji walikuwa wanamjibu rafiki aliyewataja, na mwaka uliofuata hakuna aliyewataja.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na somo lao mapema zaidi. Julai 2011, njaa ilipopiga Turkana na maeneo mengine ya kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyowakutanisha Safaricom Foundation, benki ya KCB, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu, ililenga kukusanya shilingi milioni 500 za Kenya katika wiki nne. Lengo lilipitwa kabla ya muda huo kwisha. Mitandao ilichochea, lakini kilichofanya shilingi ziingie ni M-Pesa: aliyeguswa na picha hakulazimika kwenda popote. Simu iliyomwonyesha njaa ndiyo iliyotoa mchango, hata kama mchango wenyewe ni bei ya soda.

Kwa lugha ya kiuchumi, umbali kati ya kuguswa na kulipa ni gharama, na kijana ndiye mwepesi zaidi kuikwepa. Asasi inayoweka video ya kusisimua kisha ikatoa namba ya akaunti ya benki yenye tarakimu 13 imejifungia mlango.

Mwenye shamba akibadilika

Mazungumzo haya kwa kawaida huishia kwenye mbinu: uandike saa ngapi, video iwe ya sekunde ngapi. Suala zito zaidi ni la ardhi. Twitter, Facebook, Instagram na TikTok ni mashamba ya watu wengine. Jumba la makumbusho hulima humo bila kulipa kodi ya fedha, jambo linalofanya wengi wasahau kwamba ni mpangaji.

Kisa cha kondoo wa Reading kina mkia unaofaa hapa. Aprili 2019, tajiri Elon Musk, mwenye kampuni ya magari ya Tesla, aliichukua picha ya kondoo yule na kuifanya picha ya utambulisho wa akaunti yake. Jumba nalo likajibu utani kwa kuweka picha ya Musk kwenye akaunti yake. Mwaka huohuo Koszary akaajiriwa na Tesla, na ujuzi wake ukaondoka naye, kama anavyoondoka msimamizi hodari wa shamba akipata tajiri mkubwa zaidi. Oktoba 2022, Musk akainunua Twitter yenyewe kwa dola bilioni 44. Julai 2023 ikabadilishwa jina na kuitwa X. Taratibu zikabadilika, watumiaji wengine wakahama, na taasisi zilizotumia miaka kujenga hadhira humo zikajikuta zinajadili kama zibaki au zianze upya kwingine zikiwa na wafuasi sifuri.

Hilo si la X peke yake. India ilipiga marufuku TikTok Juni 2020. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021. Hapa Tanzania, mtandao wa X ulifungiwa Mei 2025. Kuanzia Julai 1, 2024, kampuni ya Meta ilisitisha huduma ya kuchangisha fedha kwa ajili ya asasi kupitia Facebook na Instagram katika nchi za Umoja wa Ulaya na majirani zake wa kiuchumi. Asasi zilizokuwa zikipokea michango ya siku za kuzaliwa kwa njia hiyo zililazimika kutafuta njia nyingine, na wachangiaji wengi walikuwa hawajawahi kuziachia hata anwani zao.

Mkulima anayekodi ekari mbili Kilosa hapandi mikorosho juu yake. Anapanda mahindi au ufuta, anavuna, anabeba magunia kwenda nyumbani, ili mwenye shamba akibadili mawazo msimu ujao hasara iwe ya kodi tu. Zao la muda mrefu hulipanda kwenye ardhi yake. Wafuasi wa mtandaoni ni mahindi. Orodha ya majina, namba za simu na barua pepe za watu waliokubali wenyewe kutafutwa, uanachama, kitabu cha wageni, hivyo ndivyo vinavyokaa ghalani. Jumba au asasi yenye wafuasi 5,000 na namba 800 za watu walioridhia iko katika hali nzuri kuliko yenye wafuasi laki moja na ghala tupu, ingawa ya pili ndiyo itakayoalikwa kwenye semina.

Hesabu hiyo haiwahusu wazungu tu. Wauzaji wa vifaranga, miche ya parachichi na mbegu za mboga wamejaa kwenye Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp. Wengi wana maelfu ya wanaowatazama na hawana hata daftari la wateja 100 walionunua mwaka jana, aina gani, na lini watahitaji tena. Akaunti ikiibwa au simu ikipotea, biashara inaanza mwanzo.

Ipo pia taasisi ya hapa nchini inayofanana na ile ya Reading kwa maudhui. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1960, kinaonyesha nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, jinsi zilivyojengwa na jinsi watu walivyoishi humo. Eneo zima limepata jina kutokana nacho. Kila siku vijana kwa maelfu hushuka daladala katika stendi ya Makumbusho, simu mkononi, na kuendelea na safari zao bila kuvuka kwenda kuona kilicholipa eneo hilo jina.

Hao si watu wa kutafutwa mbali, na nyumba ya msonge iliyojengwa bila msumari ni pande la kitu kwa kijana aliyekulia chumba cha kupanga Tandale. Anayeweza kuieleza kwa maneno ya kijana huyo pengine yumo tayari katika orodha ya mishahara, mlangoni au bustanini. Kinachotakiwa ni mtu wa kumkabidhi simu na kutomrudisha kwa mkurugenzi kila sentensi, tiketi inayolipwa kwa simu palepale stendi, na daftari la kuandika namba ya kila anayeingia kwa hiari yake, ili Nane Nane ijayo, au siku ya ngoma ya kabila lake, apigiwe.